Doa la Zafarani

Saa saba mchana, jua la Bagamoyo limesimama utosini na bati la gereji linalia kwa joto, kioo cha saa kikaota ukungu kwa ndani.

Mikidadi alikitazama, akafyonza. Alikuwa ametoka kukikaza sasa hivi tu. Alikisugua kwa dawa ya meno na pamba mpaka kikawa kama hakipo, akakipuliza vumbi, akakitia kwenye ringi yake ya chuma, akairudisha saa mahali pake kwenye dashibodi ya Pijo, kisha akakaa kiti cha dereva aifurahie kazi yake japo kidogo. Hata jasho la usoni hajafuta, kioo kimeshaharibika.

"Haya, na wewe una nini tena?" aliiuliza saa.

Akakifuta kwa pindo la fulana. Ukungu ukabaki pale pale. Ulikuwa duara dogo katikati ya kioo, linapanuka kidogo, linanywea, linapanuka tena. Mtu mwingine angeshtuka. Mikidadi alimlaani muuzaji wa Gerezani kule Dar aliyemuuzia ile plastiki, akachukua bisibisi aanze upya.

Hicho kilikuwa kioo cha tatu. Cha kwanza alikifuata Dar, akazunguka Kariakoo mpaka nyayo zikawaka moto, akapata kioo cha saa ya ukutani ambacho muuzaji aliapa kwa jina la mama yake mzazi kwamba kitaingia, na hakikuingia. Cha pili alikatiwa na fundi wa fremu za picha pale mjini. Kiliingia vizuri, kikapasuka chenyewe akiwa amekaa mbali anakunywa chai. Hiki cha plastiki alikikata mwenyewe kwa msumeno mwembamba, kwa mikono yake na macho yake, na sasa nacho kinamfanyia vituko.

Gari lenyewe lilikuwa Pijo 404 rangi ya maziwa, mali ya marehemu Mzee Yousuf, mfanyabiashara wa vitambaa. Alikuwa akilijaza majora ya kanga na marekani, anakwenda nalo Msata na Chalinze mpaka Vigwaza, enzi ambazo barabara ya Msata ilikuwa vumbi tupu. Alipofariki, mjane wake Bi Shaikha hakukubali liuzwe. Mabibi harusi wote wa nyumba ile walitolewa ndani ya gari hilo, na Ijumaa ilikuwa zamu ya mjukuu wake Lujain, binti wa mwanawe Nasser. Leo ni Jumatano. Mikidadi alikuwa amelifufua gari ambalo kuku walishaanza kutagia. Injini inanguruma kwa adabu, viti vimeshonwa upya, kwenye rangi unajiona uso. Kilichobaki ni saa. Saa tu, jamani!

Bi Shaikha mwenyewe hakutaka iguswe. Siku gari linavutwa kutoka bandani alisimama mlangoni, mtandio mweusi umemfunika mpaka kwenye paji, akasema, "Mwanangu, tengeneza kila kitu, lakini saa iache kama ilivyo. Imesimama tangu enzi za marehemu, na isimame."

"Bibi, kioo kina ufa. Halafu kimekuwa cha njano."

"Kiache na ufa wake na njano yake."

Mikidadi akaitikia, ndiyo Bibi. Jioni yake Nasser akapiga simu kutoka Dar. "Fundi, mama usimsikilize. Wazee na takataka zao unawajua. Mpiga picha atachukua ile dashibodi kwa karibu, nataka saa ing'ae."

Wala Nasser hakuwa na haja ya kumshawishi. Mikidadi hakujaliwa kuacha kasoro. Akikuta skrubu moja ina kichwa tofauti na wenzake, hapati raha mpaka aibadilishe, hata kama ipo chini ya kapeti ambapo hakuna binadamu atakayeiona. Basi asubuhi ya Jumatatu aliing'oa saa, akakitoa kioo cha zamani, akaenda nacho bombani.

Na hapo ndipo alipokosea, tena alikosea huku akijua. Ile njano haikuwa ya uzee. Ilikuwa upande wa ndani, mistari myembamba imezunguka kioo kizima, imefuatana kama njia ya sisimizi. Maji yalipoigusa, harufu ya zafarani na marashi ikampanda puani, na mkono wake ukasita. Mtoto yeyote wa Bagamoyo anaijua harufu ile. Ukiumwa homa isiyoeleweka unapelekwa kwa mwalimu, anaandika aya kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, anayaosha maandishi kwa maji ya marashi, unakunywa. Ndilo kombe hilo. Na maji ya kombe hayamwagwi ovyo. Yakibaki, yanapelekwa kwenye shina la mti, au pembeni ambapo mguu wa mtu haufiki. Mikidadi alifundishwa hivyo kabla hajajua kufunga viatu.

Lakini simu ya Nasser ilikuwa inaita tena, jua linachoma, tumboni hana kitu. "Nani aandike kombe kwenye gari?" akang'aka peke yake, akasugua kwa nguvu, na yale maji ya njano akayamwaga pale pale mlangoni mwa gereji. Ashatu, mkewe, alikuwa ndiyo anafika na birika la chai. Akayakanyaga na kandambili zake, akalalamika kwamba amerushiwa maji machafu. Kioo nacho, kilipofutwa, ufa wake ukaendelea mpaka ukingoni, kikamgawanyikia mkononi vipande viwili. Akavitupa kwenye pipa la taka bila kuvitazama mara ya pili.

Ashatu alikuwa na mimba ya miezi minane. Hii mimba waliitafuta miaka mingi, na kabla yake walizika watoto wawili ambao hawakulia hata mara moja. Safari hii hawakumtangazia mtu. Nguo ndogo zilizonunuliwa zilifungwa kwenye kanga na kufichwa uvunguni, na jina lenyewe walilitamka kwa kunong'ona, wakaogopa hata kulirudia. Mikidadi, mgomvi kama alivyo, kila jioni alikuwa akimwekea mkewe mkono tumboni na kukaa kimya.

Sasa, Jumatano hiyo, aliing'oa tena saa kutoka kwenye dashibodi, akailaza mezani, akaikagua. Nyuma, nyaya mbili zinaning'inia. Na betri ya Pijo ilikuwa nje, juu ya kreti ya soda, inachajiwa. Saa ile haikuwa na umeme wa kuiendesha, wala haikuwa imetembea tangu Mzee Yousuf yupo hai.

Tik.

Mikidadi akainamisha kichwa.

Tik. Tik.

"Usinichezee," alisema. Akatikisa saa. Mishale haikusogea, lakini mlio uliendelea, na pamoja nao ikaja harufu ya udi, udi mzito wa kufukizia nguo za harusi, umechanganyika na petroli. Alitoka nje kuangalia nani kafukiza mchana ule. Hakukuta mtu, barabara nyeupe kwa jua, mbuzi wamelala kivulini. Aliporudi mezani, ule ukungu ndani ya kioo ulikuwa umefutwa mahali pamoja. Umefutwa kwa ndani, duara safi la ukubwa wa jicho, kama vile mtu afutavyo dirisha la basi asubuhi ya mvua ili achungulie nje.

Akaifunika saa kwa kitambaa cha oili. "Mimi sina muda wa mambo haya," akasema kwa sauti kubwa, na sauti yake mwenyewe haikumpendeza. "Ijumaa watu wana harusi."

Hapo ndipo alipomsikia Ashatu anaita kutoka ndani. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya gereji, mlango kwa mlango.

"Mikidadi. Njoo. Usikimbie, njoo taratibu."

Alimkuta amekaa mkekani, mgongo ukutani, mikono yote miwili imeshika tumbo. Uso wake ulikuwa mkavu, midomo imepauka.

"Mtoto anacheza," alinong'ona.

"Si jambo zuri hilo?"

"Hachezi hivi. Tangu juzi nilimwona kama ana haraka, nikasema labda ndiyo ukubwa. Leo... weka sikio, mume wangu. Weka sikio halafu usiseme kitu."

Mikidadi akapiga magoti, akaweka sikio juu ya kanga, na mwanzoni hakusikia ila tumbo la mkewe likinguruma kama tumbo la mtu yeyote, akataka hata kucheka, akataka kumwambia ni njaa tu mama, kula, lakini kabla hajafumbua mdomo kikaja kishindo kidogo chini ya shavu lake, kisha kingine, kisha kingine, vimepishana sawasawa bila kukosea, na kadiri alivyozidi kusikiliza ndivyo alivyozidi kuelewa kwamba kule gerejini, chini ya kitambaa cha oili, kulikuwa na mlio unaokwenda sambamba na vishindo hivi, tik wa kule na teke la huku, tik na teke, tik na teke, mpaka hakuweza tena kutofautisha kipi kinaongoza na kipi kinafuata.

"Ile saa naisikia mpaka huku. Umefanya nini kwenye gari la watu?" Ashatu alimuuliza, machozi yanamtiririka. "Mikidadi, umefanya nini?"

"Twende hospitali."

"Nimetoka huko asubuhi. Nesi kanipima, kasema mapigo mazuri, mazuri mno. Ukawaambie nini sasa? Mwanangu anagonga kama saa?"

Mikidadi alitoka mbio na kandambili mguu mmoja.

Bi Shaikha alikuwa dukani kwake, anapima kitambaa. Alipomwona fundi amesimama mlangoni, mikono ina grisi, mguu mmoja peku, aliiweka fimbo ya kupimia chini.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba." Akamtazama. "Umeigusa."

"Nasser ndiye..."

"Sikuulizi Nasser. Maandishi yako wapi?"

"Nimeyaosha."

"Maji yake?"

Mikidadi akatazama mguu wake.

"Nani kayakanyaga?"

"Mke wangu. Ana mimba ya miezi minane, Bibi. Mtoto anagonga pamoja na saa."

Bi Shaikha akakaa kitako juu ya jora la kitambaa, mtandio ukamteleza, na Mikidadi akaona kwa mara ya kwanza kwamba nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Akasema kwa sauti ya chini, huku anatazama mlango, kwamba marehemu akiwa kijana alichukua jini kwa ajili ya biashara, kama walivyofanya wengine wakati ule, akamlisha halwa na marashi, na biashara ikashika. Lakini jini hakutosheka na halwa. "Kabla ya Nasser nilibeba mimba," alisema. "Mtoto akawa anacheza hivyo hivyo, kama anahesabiwa. Sikumpata yule mtoto. Ndipo marehemu akaenda kwa mwalimu, wakamfunga. Hakutaka awe ndani ya nyumba, na hakutaka awe mbali na macho yake. Na yeye kutwa alikuwa barabarani. Wakamfunga kwenye saa ya gari, nyuma ya kioo, ili akiendesha anamwona."

"Bibi, kwa nini hukuniambia?" Hasira ilimpanda Mikidadi. "Umenikabidhi gari, umeniambia usiguse, basi! Ungesema neno moja tu!"

"Nikwambieje? Nimtangazie fundi kwamba nyumba ya Yousuf ilifuga jini? Wakwe wa Lujain wangekuwa wamepata habari kabla ya adhana ya magharibi." Akasimama. "Ugomvi baadaye. Twende kwa Mwalimu Twalib. Baba yake ndiye aliyeandika."

Mwalimu Twalib alifika kwa pikipiki, kanzu ameipandisha magotini, chetezo na ubani kwenye mfuko wa plastiki. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye kuchoka haraka na watu. Aliposimuliwa alimgeukia Mikidadi. "Fundi, wewe umekunywa kombe mara ngapi maishani mwako?"

"Nyingi."

"Na maji yake ulikuwa unamwaga njiani?"

"Mwalimu, nitukane kesho. Leo niokolee mtoto."

Walifukiza ubani chumbani. Jua lilikuwa linashuka, mwanga umekuwa wa rangi ya chai kwenye pazia. Mwalimu alisoma kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma nyumbani kwake, na saa, ambayo Mikidadi aliileta na kuiweka juu ya kigoda, ililia bila kukosea. Ashatu alikuwa ameshika mkono wa Bi Shaikha. Mara kichwa chake kikalegea begani, akavuta pumzi ndefu, na alipokiinua, macho yalikuwa ya mtu aliyeamshwa usingizini bila kupenda.

"Mbona mnaniangalia tu?" Ilikuwa sauti ya mzee, kavu, ya mtu aliyezoea kutumikiwa. "Wewe fundi. Niamkie kwanza."

Mikidadi akamtazama mkewe, Ashatu mdogo wake kwa miaka minne, Ashatu ambaye jana usiku alikuwa akimcheka kwa kukoroma.

"Mwamkie!" Mwalimu alimnong'oneza.

"Shikamoo," Mikidadi alisema.

"Marahaba. Siku hizi adabu mpaka mtu aidai." Macho yakahamia kwenye saa. "Ni wewe uliyevunja dirisha langu?"

"Ni mimi. Nisamehe."

"Lilikuwa dogo, lina ufa, lakini langu. Nimeona Msata kupitia dirisha lile. Nimeona mvua za Vigwaza. Ukaniwekea matakataka. La kwanza halikuenea, la pili nililipasua mwenyewe, la tatu linanuka. Nini kile?"

"Plastiki," Mikidadi alisema, na pamoja na hofu yake yote, fundi ndani yake alitahayari.

"Rudi ulikotoka," Mwalimu alisema. "Utapewa halwa yako, na marashi."

"Nirudi kwa nini?" Mkono wa Ashatu ukalipapasa tumbo taratibu, na Mikidadi akaona kwamba haukuwa ukipapasa kwa upendo, ulikuwa unapapasa kama mtu anayekagua ukuta wa chumba anachotaka kupanga. "Huku kuna joto. Na tuko wawili, napata wa kuzungumza naye."

Bi Shaikha akaanza kulia bila sauti.

Mwalimu akabishana naye, akambembeleza, akamkaripia, akamsomea, na jini akajibu kila neno kwa kiburi, mpaka hatimaye, aya zilipozidi kumbana, akakunja uso wa Ashatu kwa kero, akasema, "Basi. Nitarudi. Lakini nataka kioo. Kioo cha kweli, kikatwe kabla ya magharibi. Adhana ikinikuta huku, hapa ndipo kwangu."

Kioo! Madukani wanafunga, na Mikidadi kioo cha kweli hana. Alizunguka chumba kama kuku aliyekatwa kichwa. Kisha akaiona picha ya harusi yao ukutani, yeye na Ashatu, wamekaa wima, hawajui waangalie wapi. Akaitoa kwenye msumari, akachomoa kioo chake. Almasi ya kukatia vioo aliyoiazima kwa fundi wa fremu ilikuwa bado mfukoni. Kioo kile kingetoa viduara viwili, hakuna cha tatu.

Cha kwanza alikikata haraka haraka. Akakigonga kidogo kwa chini kiachie, na kikaachia pasipotakiwa, ufa ukakata katikati. Mikidadi akatoa tusi ambalo Mwalimu alijifanya hakulisikia. Mlio wa saa ukaongeza kasi. Ashatu akaguna, sasa kwa sauti yake mwenyewe, "Mikidadi, ananibana," na sauti hiyo ndogo ilimfanya aweke almasi chini, afute viganja kwenye suruali, afumbe macho. Hakuwa na haki ya kuwa na haraka. Haraka na hasira ndizo zilizomfikisha hapa. Akaishika almasi tena, akakata kwa mzunguko mmoja bila kuinua mkono, polepole, akisikiliza ule mkwaruzo mwembamba unaomwambia fundi kwamba kioo kimekubali, huku nyuma yake saa ikilia mbio mbio na mkewe akihema nayo, huku muadhini wa msikiti wa jirani akikohoa kwenye kipaza sauti na kukipuliza kukijaribu, huku jasho likimdondokea juu ya kioo na yeye hathubutu kulifuta, mpaka mkato ukakutana na mwanzo wake, akagonga, na kiduara kikamwangukia kiganjani kizima.

Akasaga kingo zake kwa msasa ndani ya maji. Mwalimu akakipokea, akachovya kalamu ya tete kwenye zafarani, akaandika upande wa ndani, mistari ikizunguka kama ile ya zamani. Mikidadi akakitia kwenye ringi, akakaza skrubu moja baada ya nyingine, sawasawa, bila kulazimisha.

"Safari hii nimepiga hodi," ile sauti kavu ilisema, sasa kama inatoka mbali. "Mkinitoa tena, sipigi hodi."

Adhana ikaanza. Ukungu ukaota ndani ya kioo, ukatulia. Saa ikanyamaza.

Ashatu akafumbua macho, akaomba maji. Mikidadi akamwekea mkono tumboni na kusubiri, na hapakuwa na kitu, na hapakuwa na kitu, akaanza kulia kama mtoto. Kisha likaja teke moja la ovyo, ubavuni. Baada ya muda likaja jingine, mahali pengine kabisa, lisilofuata utaratibu wa mtu yeyote. Ashatu akacheka. Mikidadi akasujudu pale pale kwenye sakafu yenye vipande vya kioo.

Walipotoka nje, Mwalimu Twalib alisema, "Mwenye gari sasa ni Nasser. Lazima aambiwe."

"Hapana," Bi Shaikha alisema.

"Bibi, jambo hili hili la kuficha ndilo..."

"Nasser mdomo wake haukai na neno, na keshokutwa tunaoza. Akijua yeye, wakwe wamejua. Nyumba yangu naisitiri mwenyewe. Baada ya harusi nitamwambia." Akamgeukia Mikidadi, akamshika mkono wenye grisi. "Nimekuletea mwalimu, mwanangu. Nisitiri na wewe."

Mikidadi alijua ni makosa. Alichoka. Aliitikia, ndiyo Bibi.

Ijumaa Lujain alitolewa ndani ya Pijo, vigelegele mtaa mzima, udi mpaka barabarani. Nasser aliinama dirishani, akanuna. "Fundi, nilisema ing'ae. Hii njano ya nini?"

"Iache tu hivyo, bosi. Ndiyo uzuri wa gari la zamani."

"Uzuri gani? Kioo tu kimekushinda!"

Maneno yalimfika Mikidadi mpaka ncha ya ulimi, yote, tangu bomba mpaka picha ya harusi. Aliyameza. Jumamosi Nasser akalichukua gari kwenda nalo nyumbani kwake Dar.

Jumapili mchana Ashatu alilitoa lile furushi uvunguni kwa mara ya kwanza, akazianika nguo ndogo kwenye kamba, mbele za watu. Mikidadi alikuwa amekaa kando yake kwenye mkeka, mkono tumboni, anamtania mtoto anayepiga mateke hovyo kama mchezaji wa timu ya mtaani, simu ilipoita.

"Fundi!" Nasser alikuwa anacheka. "Nilikwambia kioo kimekushinda. Nimempata fundi mmoja wa hapa, kaking'oa, kakipiga sabuni, hakina doa. Tena saa yenyewe inatembea, hata nyaya hajaunganisha. Sikiliza."

Tik. Tik. Tik.

Mikidadi akasimama. "Bosi, mama hajakwambia?"

"Kaniambia atakuja wiki ijayo ana mazungumzo. Kwani nini?"

"Maji mmemwaga wapi?"

"Maji gani?"

"Ya kuoshea hicho kioo! Maji yake!"

"Hapa hapa kwenye ngazi. Mbona unanipigia kelele? Hebu ngoja, huyu Lujain anaingia na mumewe, wamekuja kula. Lujain, angalia hapo, mama, pana maji, utateleza. Shika simu umshukuru fundi wa gari lako."

Mlio wa saa ukakatika. Mikidadi alisikia simu ikihama mkono, bangili zikigongana, halafu pumzi ya mtu. Ashatu alikuwa ameacha kucheka, anamtazama.

"Bi harusi," Mikidadi alisema, ulimi mzito. "Hujambo, mama?"

Pumzi ile ikavutwa ndefu. Sauti iliyojibu ilikuwa kavu, ya mzee.

"Mbona leo huniamkii, fundi?"